Kizibo

Lugha yetu haikuona haja ya kutenga risasi ya mvuvi na risasi ya mwindaji. Madini yale yale ya kijivu, laini hata kisu huyakata, ndiyo yanayozamisha jarife katika milango ya mto Rufiji, na ndiyo yaliyokuwa yakiwangoja nguruwe katika mashamba yetu ya Mtawanya, huko Kibiti. Mjomba wangu aliyahamisha kutoka kazi moja hadi nyingine. Nyavu chakavu zilimfikia kutoka deltani, naye akazivua chubwi zake, akaziweka katika kijungu cha chuma juu ya kuni. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 tu, haihitaji kiwanda. Aliimimina katika kalibu, na baada ya muda mfupi ikaanguka mchangani tufe dogo mfano wa kunazi.

Ng'ambo ya kusini ya mto huo, Mohoro, ndiko Wajerumani walikomnyonga Kinjikitile mwaka 1905, yeye aliyewaahidi watu kwamba risasi za mkoloni zingegeuka maji. Mjomba alipokuwa akimimina alipenda kusema: "Mbona mimi naigeuza maji kila Ijumaa?" Akacheka peke yake. Sikujua wakati ule kama ilikuwa dhihaka au maombolezo, na hata leo nasita kuamua.

Gobori lake lilikuwa na kibali. Aliyelijua gobori ataniwia radhi nikieleza: hutiwa baruti kwa mdomo wa mtutu, kisha kizibo, kisha risasi, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Kizibo ndicho kidharauliwacho. Hakiui wala hakisifiwi katika masimulizi ya mawindo. Lakini kisipokuwapo, au kikiwa kibovu, moshi wa baruti hupenya kandokando ya risasi na kuitangulia kutoka nje, na nguruwe husikia kishindo tu akaendelea na muhogo wake.

Kazi ya kuchagua kizibo ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka 12, na niliiona kuwa cheo. Karatasi za daftari zilikuwa nyepesi mno. Kipande cha kanga kuukuu kilifaa sana, ila mama hakukubali kanga ziishie porini. Usumba wa nazi ulikuwa tele na ulijaza mtutu vizuri, ingawa nyuzi zake zilitoka zikiwaka na wakati wa kiangazi zilitaka kuangaliwa. Mjomba alinifundisha kuufikicha hadi ulainike, na kuupima kwa kidole kabla ya kuuingiza.

Usiku mmoja wa masika mwaka 1979 sikuupima. Nguruwe walikwisha ingia, mbwa walibweka, nami nilikuwa na haraka ya mtoto anayetaka kuonekana mtu mzima. Nikafinyanga bonge nene la usumba. Likaingia kwa shida, nikaliwekea risasi, nikashindilia mpaka mdeki ukakataa. Nilidhani umekataa kwa sababu tumefika. Kumbe bonge lilikwama katikati, na kati yake na baruti ukabaki uwazi. Bunduki haisamehe uwazi wa namna hiyo. Mtutu ulipasuka mbele ya mkono wake wa kushoto, akapoteza vidole viwili.

Hakunilaumu. Aliwaambia watu kwamba chuma kilikuwa kimezeeka. Maneno hayo yameniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma.

Mwaka jana mdogo wangu, aishiye Marekani na aliyejifunza huko kuwinda paa kwa bunduki ya kisasa, alinitumia bahasha ndogo pamoja na salamu. Ndani mlikuwa na vikombe vya shaba, kila kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati. Huko wapo wanaojimiminia risasi nyumbani, kwa sheria zao, na vikombe hivi huvishwa kitako cha risasi. Mtutu wao una mifuo ya ndani inayoizungusha risasi, na baruti yao huisukuma kwa kasi inayoweza kupita mita 600 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo hewa ya moto hujipenyeza kandoni, ikakichimba kitako laini, na risasi iliyochimbwa hupepesuka; risasi yenyewe hubaki imejipaka ndani ya mtutu. Shaba huziba njia hiyo. Kwa mwendo wa polepole, mara nyingi haihitajiki.

Aliuliza shauri la mjomba. Achague shaba au alumini? Alumini ni rahisi kwa bei na ni nyepesi. Shaba ni ya mazoea, nayo huushika mfuo bila ubishi. Na achague kikombe chenye ukingo unaoing'ata risasi, au kile kinachokaa tu na huweza kudondoka njiani? Mwenyewe alielekea kwenye kile kinachong'ata, kwa hoja kwamba kikidondoka upande mmoja huivuta risasi kombo. Niliona hoja yake ni nzuri.

Nikapanda gari kwenda Mtawanya. Nilimkuta mjomba barazani. Nikampa shikamoo, akaniitikia, nami nikammiminia vile vikombe kiganjani, mkono ule ule wa kushoto. Alikibana kimoja kwa kidole gumba na cha shahada, akakielekeza kwenye jua kama mtu anayetafuta tundu. Nilimsomea barua yote. Habari ya shaba na alumini hakuijibu.

"Muulize mdogo wako," alisema, "kinakaa hadi chini?"

Nikamwambia kinakaa, ameandika hivyo.

"Ameandika. Amekiona kwa macho yake?"

Nikasema nitamwuliza. Akavirudisha vikombe katika bahasha, kimoja kimoja, akivihesabu.