Safari ya Shangazi kwa Gari Moshi la Mpanda

Reli ya Mpanda haikujengwa kwa ajili ya watu. Nisemapo hivi silaumu mtu, nasimulia tarikhi. Baada ya Vita Vikuu vya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko Mpanda, na serikali ya wakati ule ikataka njia ya kuufikisha mzigo huo mzito bandarini. Basi likakatwa pori la miyombo kutoka Kaliua, penye Reli ya Kati, kuelekea kusini. Ukavukwa mto Ugalla, na baada ya mwendo wa kilomita 210 hivi reli ikafika Mpanda mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa. Risasi ikakoma kusafiri, reli ikabaki, na mahali pa madini wakaingia watu pamoja na magunia yao ya mpunga, na madumu ya asali ya Inyonga, na kuku waliofungwa miguu.

Katika watu hao yumo shangazi yangu, dada wa baba, ambaye tangu alipoolewa amekaa katika kijiji kimoja kando ya reli hiyo, upande wa kaskazini wa Katumba. Mwaka 2024 baba alipatwa na maradhi ya kumlaza kitandani huko Dar es Salaam, naye hakuomba kitu ila kumwona dada yake. Walikuwa hawajaonana kwa miaka 11. Mimi ndiye niliyetumwa kumleta.

Msomaji ataniuliza: kwa nini gari moshi? Siku hizi iko barabara ya lami kutoka Mpanda kupita Koga na Sikonge hata Tabora, na basi laenda mbio kuliko treni. Ni kweli. Lakini shangazi ana umri wa miaka 78, magoti yake yamekaza, na haja ndogo humjia upesi. Basi husimama apendapo dereva. Safari ya mwisho aliyosafiri kwa basi alijinyima maji tangu alfajiri hata usiku, asije akaaibika mbele ya watu, akafika ana homa. Tangu siku ile aliapa. Nadhani wengi katika wasomaji wetu wana mama au bibi aliyeacha kuwazuru jamaa zake kwa sababu hii hii, wala hasemi. Husema tu kwamba amechoka na safari.

Garini mna choo, na mna ujia wa kunyoosha miguu. Kwa mtu wa umri ule hayo mawili yashinda mbio zote.

Ila kwanza sharti apande. Pale kijijini gari lilisimama, na chini ya mlango palikuwa na changarawe tupu. Ngazi ya behewa ilianzia juu, karibu na kiuno cha shangazi. Mimi nalikuwa na sanduku mkono mmoja na dumu la maji mkono wa pili, na kabla sijavitua, vijana wawili wema, wenye haraka na huruma, walimshika shangazi makwapani wakamnyanyua kama gunia hata mlangoni. Mtandio ukamdondoka. Aliupokea, akajifunika, akasema, "Ahsanteni wanangu, Mungu awajaze kheri," akaingia akakaa. Kisha hakusema neno kwa muda wa saa nzima. Nalimjua kwa nini. Mwanamke aliyejisitiri maisha yake yote alikuwa ameguswa na wanaume asiowajua mbele ya kijiji kizima, na hakuna wa kumkasirikia, maana kila mtu alitenda wema.

Nalikaa nikafikiri habari ya ngazi ile. Mhandisi wa 1950 alipima njia kwa tani za risasi. Tani moja ya risasi haina magoti. Mahali pa kusimamishia gari porini palitosha kuwa na kibao na mtu mwenye bendera; nani angejenga jukwaa la kumfikisha bibi mlangoni? Leo twarithi vipimo vyake. Reli zile ni nyembamba, upana wa mita moja tu baina ya chuma na chuma, na behewa lililo pana kuliko msingi wake huyumba kama jahazi lenye shehena juu. Vyuma vyenyewe vimeungwa vipande vipande, ndipo utakaposikia ule mlio wa ta-ta, ta-ta katika kila kiungo, mlio ambao watoto huulalia na wazee huuhesabu mgongoni.

Walakini sitaki msomaji adhani kwamba safari ile haina raha. Dirisha hufunguka. Jua lilipoanza kushuka, upepo wa miyombo uliingia na harufu ya majani makavu, na wakati wa kuvuka Ugalla watu wote walisimama kutazama maji. Abiria hukaa kwa kuelekeana, magoti kwa magoti, na kwa hiyo haiwezekani kukaa kimya: kabla ya magharibi nalikuwa nimekwisha kujua bei ya mpunga wa Mpimbwe, na nani amemwoa nani Mishamo, na dawa ya mbung'o. Kijana mmoja, mzaliwa wa Katumba, alitueleza jinsi babu yake alivyokimbia kutoka Burundi mwaka 1972, na jinsi jamaa zake walivyopewa uraia wa Tanzania. Shangazi akamwuliza habari za mama yake. Hapo ndipo alipoanza kusema tena.

Magharibi ilipoingia alitaka kuswali kwa kukaa, kwa ajili ya magoti, akaniuliza, "Baba, kibla kiko wapi katika chombo hiki kinachopinda-pinda?" Nalitazama dira. Kumbe kutoka Mpanda kibla kiko kaskazini, kikielekea kidogo mashariki. Na reli itokayo Mpanda kwenda Kaliua, ukiondoa mapindo yake, yafuata karibu njia ile ile! Shangazi alikuwa amekaa kinyume, akiipa mbele ya gari mgongo. Tukabadilishana mahali, nikammiminia maji ya dumu akatawadha pale mlangoni, akaswali amekaa kwenye benchi la kutazama mbele, na gari likimpeleka huko huko alikoelekeza uso. Wahandisi wa risasi hawakukusudia, lakini walituachia hilo. Baada ya Kaliua njia hugeuka kwenda mashariki, na kibla huwa mkono wa kushoto mpaka Tabora.

Tabora twalipumzika kwa jamaa siku mbili, kisha tukapanda gari la Reli ya Kati, njia ya Wajerumani iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Humo twalipata vitanda. Desturi ya vyumba vya kulala katika treni zetu ni kwamba wanawake hulala chumba chao na wanaume chao, isipokuwa jamaa wakikodi chumba kizima. Sijui kama wageni huiona desturi hii kuwa kero. Mimi nalilala fofofo, nikijua kwamba shangazi yuko kitanda cha chini miongoni mwa wanawake wenziwe, na asubuhi nikamkuta amekwisha kupata kungwi, wajukuu wa kupanga na kikapu cha karanga.

Dodoma twalishuka tukachukua bajaji hadi stesheni mpya ya reli ya kisasa, ile iitwayo SGR. Safari za abiria zilianza Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, na zikafika Dodoma mwezi wa Julai mwaka ule ule. Nauli ya kawaida ya Dodoma hadi Dar es Salaam ilikuwa shilingi 31,000. Upana wa reli hii ni milimita 1,435, si 1,000. Vyuma vyake vimeunganishwa kwa kuchomelewa, na mataruma yake ni ya zege. Treni yavutwa na umeme na yaweza kwenda kilomita 160 kwa saa. Jina letu la "gari moshi" limepoteza moshi wake wote, nami bado naliona tamu mdomoni.

Lakini shangazi hakujali umeme wala mbio. Lifti ilituchukua mpaka jukwaani. Mlango wa behewa ukafunguka, akatazama chini, akanitazama mimi. Palikuwa na hatua ndogo tu. Akashika mkono wangu, akainua mguu, akaingia. Hakuna mtu aliyemgusa. Alipokwisha kukaa alisema, "Wallahi, leo nimepanda kama mtu." Nalifanya kama ninatafuta tikiti.

Kati ya Dodoma na Morogoro, katika milima ya upande wa Kilosa, treni hupita katika mahandaki manne, jumla yao zaidi ya kilomita mbili na nusu. Dirisha likawa jeusi ghafla. Mtoto wa kiti cha mbele akapiga kelele, na shangazi akaanza kusoma dua, nami nikamweleza kwamba katika miji mikubwa ya dunia wako watu waendao kazini kila siku chini ya ardhi namna hii. Akaniuliza, "Na hewa je?"

Swali lake ni lile lile linalowasumbua mafundi wa London hata leo. Treni ya chini ya ardhi ilianza huko mwaka 1863, nayo ilivutwa kwa moshi. Fikiri moshi ndani ya shimo. Mwaka 1890 ikaja ya umeme, ndani zaidi ya ardhi, na waliounda mabehewa yake ya kwanza wakaweka vijidirisha vidogo tu karibu na dari, wakisema abiria hana cha kutazama. Watu wakayachukia, wakayafananisha na vyumba vya kuwafungia wenye wazimu. Kumbe mtu ahitaji dirisha hata kama nje ni giza. Siku hizi taabu yao ni joto: breki na mashine hutoa joto, udongo ulioizunguka njia umelinywa kwa zaidi ya miaka mia, na mahandaki ni membamba hata mashine za kupoza hewa zilikosa nafasi. Ndiyo maana treni mpya zilizoundwa na Siemens kwa njia ya Piccadilly zasifiwa kwa mambo mawili: hewa iliyopozwa, na mabehewa yaliyo wazi toka la kwanza hata la mwisho, mtu aweze kutembea humo asikute mlango. Viti vya treni za namna ile aghalabu hupangwa ubavuni, watu wasimame katikati, maana safari ni ya dakika chache. Mtu akizichukua sura zake akazileta Mpanda, ambako watu hulala njiani, atakuwa amewatesa bure. Kila safari na behewa lake.

Waliokwenda kuhiji tangu mwaka 2010 huenda wameiona treni ya Mashair, yenye stesheni tatu Arafa, tatu Muzdalifa na tatu Mina. Safari yake ni fupi mno. Imejengwa juu ya nguzo, na abiria wake ni mahujaji wa kila umri. Basi fundi aliyeipanga hakuwa na budi kuwafikiria wazee kabla ya kitu kingine.

Mpango wa serikali ni kwamba reli ya kisasa itoe tawi kutoka Kaliua hadi Mpanda, na kutoka hapo hadi Karema, kwenye bandari mpya ya Ziwa Tanganyika. Sababu inayotajwa kwanza ni mizigo ya Kongo, na sababu hiyo ni njema. Nchi haiishi kwa abiria peke yao. Ila nachelea tarikhi isije ikajirudia. Ile ya kwanza ilipimwa kwa risasi, na hii yaweza kupimwa kwa shaba. Rai yangu ni ndogo: majukwaa yainuliwe hadi usawa wa mlango, si pale Mpanda mjini tu ambako wakubwa watakata utepe, bali hata katika vituo vya porini ashukiako bibi mmoja na kuku wake. Na vyoo viwe na maji, na vyumba vya wanawake visisahauliwe kwa kuwa ni vya zamani.

Baba alimtambua dada yake kwa sauti kabla hajafungua macho. Walikaa pamoja siku 40, wakiteta juu ya mambo ya mwaka 1960 kana kwamba yalitokea jana. Shangazi alipotaka kurejea, nalimwendea fundi seremala wa mtaani kwetu nikamwagiza kigoda cha daraja mbili, kipana, chenye kamba ya kukivutia. Akakitengeneza kwa mninga. Shangazi alikinusa akacheka, akasema mti huu ni wa kwao, umekuja mjini kabla yake.

Mimi ndiye niliyemrudisha. Kila tulipotakiwa kupanda au kushuka, kigoda kiliwekwa chini, akapita kwa miguu yake, mkono wake begani mwangu, kisha nikakivuta ndani. Baada ya Kaliua, katika kituo kimoja, mama mjamzito aliyekuwa chini alituita, "Jamani, nazimeni hicho!" Tukamshushia. Kituo kilichofuata wakakitaka wazee wawili. Tulipofika kijijini kwa shangazi gari lilikaa kidogo, na kwa kuwa mlangoni walikuwapo wengine wenye kungoja, shangazi alikiacha kigoda pale chini ya ngazi mpaka wote walipokwisha kupanda, ndipo akaniambia nikibebe nimfuate nyumbani.