Kutangulia Si Kufika

Mama msomaji, kama hujapata kuamka Kibondo mwezi wa Julai, chukua kitenge cha pili. Nyanda za juu za Kigoma zina baridi yake. Alfajiri ukungu hulala juu ya migomba, moshi wa kuni hupanda polepole kutoka majikoni, na sauti ya kwanza unayoisikia barabarani ni baiskeli yenye mkungu wa ndizi ikishuka mlimani. Wanawake wanaokwenda shambani hukusalimu ingawa hawakujui. “Mwakeye,” watasema, na ukiwa mgeni kama mimi utaitikia unavyoweza, nao watacheka kwa wema. Salamu za Waha si za haraka. Huenda na kuinama, na kupiga makofi taratibu, na kuulizana habari za watoto mpaka ng’ombe. Mwenye haraka zake lazima angoje.

Katika mji huo wa watu wasio na haraka, mwaka 2009, mimi nilinunua haraka kwa shilingi elfu mbili. Nataka nikueleze habari hiyo, kwa sababu siku hizi haraka ya namna ile inauzwa hata katika viwanja vikubwa vya ndege, na sisi akina mama ndio tunaobembelezwa tuinunue.

Mlango wa basi

Nilikuwa nimekwenda Kibondo kwa mkutano wa akina mama wa kanisa, nikiwa na mwanangu wa mwisho aliyekuwa na umri wa miaka miwili. Sasa tulikuwa tunarudi Kasulu. Stendi ilikuwa imejaa kabla jua halijatoka. Basi lilikuwa moja, na tiketi zilizoandikwa kwa mkono hazikuwa na namba ya kiti. Aliyewahi ndiye aliyekaa.

Pembeni yangu alisimama mama mmoja kijana, amebeba mtoto mchanga mgongoni. Mkononi alishika kadi ya kliniki iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Alikuwa na mama mkwe wake. Tulizungumza kidogo. Mtoto alikuwa na homa kwa siku kadhaa, nao walikuwa wanampeleka hospitali Kasulu. Walikuwa wamefika stendi usiku, wakalala pale pale juu ya mkeka ili wasikose nafasi.

Kijana mmoja wa basi alinijia, akainama sikioni. “Mama, una mtoto. Ongeza elfu mbili, nikuingize sasa hivi kabla sijafungua mlango.”

Sikufikiri mara mbili. Nilitoa pesa, nikapitishwa mlango wa dereva, nikakaa kiti cha mbele kabisa, dirishani. Nilijisikia mama mwenye akili. Nyuma yangu wakaingia wengine watano au sita, kila mmoja na elfu mbili yake. Mlango ulipofunguliwa kwa wote, ukawa msukumano wa viwiko na mabegi. Viti vikaisha. Yule mama kijana aliingia katikati ya wale wa mwisho, akawekewa ndoo iliyopinduliwa njiani kati ya viti. Mama mkwe wake akasimama, ameshika chuma.

Tazama hesabu ilivyokuwa. Basi halikuongezeka kiti hata kimoja kwa sababu ya elfu mbili yangu. Halikuondoka mapema hata kwa dakika moja. Pesa yangu ilifanya kazi moja tu: ilimtoa mtu aliyelala stendi usiku kucha, ikaniweka mimi niliyefika saa kumi na moja alfajiri. Mwenye basi hakuniuzia kitu chake. Aliniuzia zamu ya yule mama.

Barabara ya vumbi

Kutoka Kibondo hadi Kasulu ni zaidi ya kilomita mia moja. Siku hizo barabara ilikuwa ya udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia hata ndani ya kope. Njia ni nzuri kwa mwenye kiti. Utaona miombo yenye mizinga ya nyuki juu ya matawi, maana asali ya Kibondo inajulikana. Utaona mashamba ya muhogo na maharage, na nyumba za matofali ya kuchoma zenye watoto wanaokimbia kulipungia basi mkono.

Mimi niliyaona yote hayo, maana nililazimika kutazama nje. Kila nilipogeuka ndani nilikutana na macho ya yule mama kijana. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anajitahidi tu asianguke kwenye kona, mkono mmoja juu ya kiti cha jirani, mwingine chini ya kichwa cha mtoto. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka.

Tulipofika mto Malagarasi, dereva alisimamisha basi watu wakachimbe dawa. Tukashuka wote. Yule bibi aliosha uso, akaja akasimama karibu nami. Akatazama maji, ambayo huzunguka mbali sana kabla ya kumwagika Ziwa Tanganyika. Kisha akasema kwa upole, kama mtu anayetaja habari ya mvua, “Mwanangu, wewe ulitangulia, lakini mtoni tumefika pamoja.”

Mama mwenzangu, nimepata kukemewa maishani, lakini neno lile la upole liliniuma kuliko kemeo lolote. Tuliporudi ndani nilimwita yule mama akae kwenye kiti changu amnyonyeshe mtoto. Mimi nilikaa juu ya boneti ya injini na mwanangu mapajani, miguu ikiungua. Tulipita Makere namna hiyo, tukaingia Kasulu mchana, nguo zetu zote zikiwa za rangi moja. Lakini usinisifu. Nusu ya kwanza ya safari, ambayo ndiyo iliyokuwa na baridi na giza, mtoto mgonjwa aliisafiri juu ya ndoo. Pale stendi walishuka wakapotelea katika watu. Sikuuliza hata jina.

Nani alitangulia zamani

Watu wa huku walijua habari ya kutangulia kabla ya mabasi. Kibondo ni Muhambwe ya zamani, na Kasulu ni nchi ya Heru. Heru ndiyo iliyotawaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, tangu miaka ya 1940 mpaka utawala wa machifu ulipoondolewa baada ya Uhuru. Mbele ya Mwami watu walipisha njia. Walimpisha kwa wadhifa wake, kama walivyompisha mzee kwa umri wake na mjamzito kwa hali yake. Tajiri angeweza kuwa na ng’ombe wengi na bado akamngoja bibi kizee apite.

Hata katika shida ya leo utaratibu huo haujafa. Mikoa hii ya mpakani imepokea wakimbizi kwa miaka mingi. Kambi ya Nyarugusu, karibu na Makere, ilianza mwaka 1996 kwa watu kutoka Kongo, na mwaka 2015 Warundi walipomiminika, kambi ya Nduta huko Kibondo ilifunguliwa tena. Katika misafara ya watu wasio na kitu, hupangwa kwanza nafasi za wagonjwa, wajawazito, wazee na walemavu. Ni jambo la kutufikirisha kwamba maskini wanaweza kupangwa kwa haja zao, na sisi wenye senti tunapangana kwa senti.

Elfu mbili yapanda ndege

Miaka ilipita, nami nikaenda Uingereza kumtunza binti yangu mkubwa aliyekuwa amejifungua. Siku moja tulitaka kusafiri na mtoto kwa ndege ya bei nafuu. Binti alipokuwa anakata tiketi kwenye kompyuta, likatokea swali: je, tungependa kulipa zaidi ili tutangulie kupanda? Nilishtuka. Ilikuwa sauti ya yule kijana wa Kibondo, ila sasa haikuninong’oneza sikioni. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nzuri.

Binti alinieleza jinsi mambo yalivyoanza, na baadaye nami nimesoma. Zamani mashirika mengi ya ndege yaliwaita kwanza wenye watoto wadogo, wazee na walemavu, bila malipo. Mwaka 2008 bei ya mafuta ilipopanda sana, shirika la American Airlines la Marekani lilianza kutoza dola 15 kwa begi la kwanza linalowekwa chini ya ndege. Wengine wakafuata. Abiria nao si wajinga, wakaanza kubeba mabegi yao ndani. Makabati ya juu ya viti yakajaa. Basi, aliyeingia kwanza akapata mahali pa begi, na aliyeingia mwisho akakosa.

Hapo kutangulia kukawa bidhaa. Mwaka 2009 Southwest, shirika ambalo wakati ule halikuwa na namba za viti, lilianza kuuza nafasi ya mbele katika foleni kwa dola 10. Mwaka 2012 United liliacha kuwaita kwanza wenye watoto wadogo. Mwaka 2018 Ryanair la Ulaya liliamua kwamba asiyelipia kutangulia hataingia ndani na begi lake la magurudumu. Utaona kwamba shida ililetwa kwanza, kisha dawa yake ikauzwa.

Kwetu Tanzania tuliionja biashara ya namna hiyo fastjet ilipoanza kuruka mwezi Novemba 2012. Nauli yake ya chini iliwapandisha ndege wengi ambao hawakuwahi, na hilo ni jema, lakini begi la kuweka chini lililipiwa peke yake. Safari zake hapa nchini zilikoma mwishoni mwa mwaka 2018, ila desturi ya kuigawa nauli vipande vipande haikuondoka nayo. Sisemi kwamba ni dhambi mtu kulipia begi zito, maana uzito hula mafuta. Lakini zamu haina uzito. Anayeuziwa zamu anauziwa mahali pa mwenzake.

Basi nilimsimulia binti yangu habari za ndoo na mto Malagarasi. Alinyamaza, kisha akabonyeza pale palipoandikwa hapana. Siku ya safari tuliweka mfuko wa nepi na chupa chini ya kiti, tukakaa langoni tukimchezesha mtoto huku waliolipa wakisimama katika foleni yao. Tuliingia karibu na mwisho. Viti vyetu vilikuwa vinatungoja, maana vilikuwa na namba. Ndege iliondoka na sisi wote, ikatua na sisi wote.

Ushauri kwa mama msafiri

Mama msomaji, ukisafiri na watoto, haya machache yatakusaidia.

Kwa basi, kata tiketi mapema, na hakikisha namba ya kiti imeandikwa. Siku hizi mabasi mengi ya mikoani yanatoa tiketi za mtandao zenye namba, na namba hiyo ndiyo dawa ya msukumano. Ukiwa nayo, hakuna wa kukuuzia kuingia kwanza.

Kwa ndege, uliza kabla ya kulipa: kiti changu na cha mtoto vitakuwa pamoja? Wenye watoto wachanga wanaitwa kwanza bila malipo? Mashirika mengi bado yanafanya hivyo, ila hawatakutafuta. Jitokeze kwa mhudumu langoni, useme. Kama begi lako linaingia chini ya kiti cha mbele yako, huna sababu ya kulipia kutangulia.

Na siku ambayo wewe ndiwe mwenye nguvu, huna mtoto mgongoni wala mgonjwa mkononi, tazama nyuma yako kabla hujaingia. Mtoto aliye nawe anaangalia. Wangu alikuwa na miaka miwili tu, hakumbuki chochote cha safari ile, nami nashukuru kwamba hakumbuki nusu ya kwanza.

Nimepita tena Kasulu mara nyingi tangu siku ile. Lami imekuwa ikiifikia barabara ile kipande kwa kipande, na vumbi limepungua. Kila nikiwa stendi huwatazama akina mama wenye watoto mgongoni. Yule mchanga, kama yu hai, sasa ni kijana mkubwa, na huenda tumepishana sokoni penye maharage na migebuka bila kujuana. Ningependa kumwambia mama yake kwamba elfu mbili ile bado ninalo deni lake. Kwa kuwa siwezi kumlipa yeye, nimezoea kuwalipa wengine, mlangoni mwa basi, kwa kusema neno moja fupi: “Tangulia, mama.”