Daktari Asiye na Wagonjwa

Vijijini kwetu neno "daktari" lina maana moja tu: mtu wa koti jeupe atoaye dawa. Basi kijana akirudi kutoka chuo kikuu akaitwa Daktari, na jirani akamwendea na homa yake, naye akajibu, "Mimi sitibu, mimi nachunguza chembe," watu hutazamana. Wengine husema kwamba amesoma mpaka amepotea.

Mimi ni karani wa parokia hapa Kaisho, na chuo nilichosoma ni cha ualimu. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, pamoja na barua za wale wasiozoea kuandika. Kwa hiyo maswali ya elimu hunifikia mapema. Mwaka huu mama mmoja mjane, aliyemsomesha binti yake kwa kahawa na maharage, alinijia na ujumbe katika simu yake. Binti amekwisha kupata udaktari wa sayansi, na sasa amepewa kazi ya miaka miwili katika maabara ya chuo kikuu ng'ambo. Wajomba zake hawataki. Wanasema kwamba shule za sekondari zatafuta walimu wa sayansi, arudi afundishe na kuwasaidia wadogo zake. Mama akauliza maneno matatu: Je, huyu bado ni mwanafunzi? Hizo chembe zamfaa nani? Na miaka miwili ikiisha, atakuwa nani?

Nalikaa siku kadhaa nikisoma na kuwauliza wanaojua, maana si vema kumjibu mjane kwa kubahatisha. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, huyu si mwanafunzi tena, lakini pia hajawa profesa. Ni kama fundi seremala aliyekwisha kufuzu ila hana karakana yake. Hufanya kazi katika karakana ya fundi mkubwa, mpaka mikono yake ijulikane. Mshahara wake mara nyingi hutoka katika fungu la fedha lililotolewa kwa uchunguzi fulani, kwa miaka miwili au mitatu. Fungu likiisha, kazi nayo huisha, mpaka lipatikane jingine.

Kazi yenyewe yataka uvumilivu. Mwili wetu umejengwa kwa chembe nyingi mno, ambazo vitabu vya shule huziita seli, na moja moja ni ndogo hata jicho haliwezi kuiona. Mchunguzi huzitoa mwilini na kuzilea katika chupa yenye maji ya chakula, kwa joto la mwili, yaani nyuzi 37. Kila baada ya siku mbili tatu hubadilisha chakula chao, iwe Jumapili au sikukuu. Bakteria wachache wakiingia chupani, kazi ya miezi yaweza kuharibika kwa siku moja. Aliyepata kumlea ndama aliyefiwa na mama yake ataielewa kazi hii.

Sasa, chembe hizi zamfaa nani? Jibu halitoki mbali. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliitwa amtazame mtoto mwenye uvimbe pande zote mbili za taya. Baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Akaanza kuuliza na kuandika. Mwaka 1961 alipanda motokaa kuukuu pamoja na madaktari wenzake wawili, wakasafiri majuma kumi, maili 10,000, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini wakipitia Tanganyika. Waliingia hospitali baada ya hospitali, nyingi zikiwa za misioni, wakiuliza, "Mmepata kuuona uvimbe huu?" Wakatambua kwamba kansa hii ni ya nchi zenye joto na mvua, na kwamba katika milima mirefu, kama ile ya Kigezi, ni nadra.

Mimi karani nilifurahi kusoma kwamba mmoja wa wasafiri wale, Daktari Ted Williams wa hospitali ya misioni ya Kuluva, karibu na Arua, aliandika habari za wagonjwa wake kwa uangalifu mwingi. Vitabu vyake baadaye viliwasaidia wachunguzi kufuata nyayo za ugonjwa ule. Basi tusidharau daftari la zahanati.

Machi 1961, huko London, mchunguzi Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia, akawaza kwamba labda kansa hii huanzishwa na virusi. Vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikapelekwa kwake kwa ndege. Miaka miwili ikapita asione kitu. Mwaka 1963 alikuwa na wasaidizi wawili: Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, na Yvonne Barr, binti wa Ireland aliyejua kazi ya kulea viumbe vidogo maabarani. Desemba ya mwaka ule ndege ilikuta ukungu London, ikageukia Manchester, na kipande kikafika kimechelewa, maji yake yamekuwa meupe kama maji ya mchele. Mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Epstein aliyatazama kwa hadubini, akaona chembe hai zikielea. Zikalelewa, zikaongezeka, na Februari 1964 katika chembe hizo virusi vikaonekana. Mpaka leo vyaitwa kwa majina ya Epstein na Barr. Ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya wanadamu.

Tusiogope bure. Watu wazima wengi sana duniani wanavyo virusi hivi mwilini bila kudhurika. Hatari huja hasa kwa watoto wanaopigwa na malaria mara kwa mara, nayo ni sababu nyingine ya kulala ndani ya chandarua. Tena kansa hii husikia dawa. Burkitt mwenyewe aliona watoto wakipona pale Kampala. Kwa hiyo mtoto akivimba taya au tumbo upesi upesi, apelekwe hospitali bila kungoja msimu wa kahawa. Kutoka kwetu, hospitali kubwa ya rufaa ni Bugando, Mwanza.

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo gumu. Yvonne Barr alipata udaktari wake mwaka 1966, akaolewa, akahamia Australia. Kule akatafuta kazi ya uchunguzi, asiipate, ingawa jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima. Akawa mwalimu wa shule, akafundisha hesabu na sayansi, na mwaka 2016 akafariki.

Nalimweleza mama yule habari hii yote, hata sehemu inayouma. Kumficha mzazi ili afurahi ni kumwibia. Wajomba wana haki kusema kwamba njia hii haina uhakika, na kwamba wengi waingiao hawafiki kwenye uprofesa. Lakini wanakosea wakidhani kwamba ualimu utamkimbia. Mlango wa shule ulimpokea Barr baada ya maabara, na watoto wale walipata mwalimu aliyeyaona kwa macho yake yale aliyoyafundisha. Mimi niliyesomea ualimu sioni kwamba yule mama alianguka.

Tena kazi hii haiko ng'ambo tu. Wachunguzi wako Muhimbili, wako Ifakara, wako Entebbe. Kama watoto wetu hawatajifunza kuzilea chembe hizi, vipande vya miili ya watoto wa Afrika vitazidi kupanda ndege kwenda kusomwa na wengine.

Basi, wazazi, mwana akileta habari kama hii, kabla ya kukataa au kupiga vigelegele, muulizeni mambo manne. Mkataba ni wa muda gani? Mshahara hutoka wapi? Je, kazi atakayoifanya itaandikwa kwa jina lake? Na fungu likiisha, yule mkuu wa maabara atamsaidia kutafuta mahali pengine? Majibu yaandikwe, wala yasiachwe midomoni. Na ndugu wasimhesabie mshahara wa miaka miwili kana kwamba ni wa maisha, wakaanza nyumba ya matofali isiyofika kwenye bati. Kisha mumwache achague, maana atakayeamka usiku kuzilisha chembe zile ni yeye.