Kodi ni ya Chumba

Nyumba ya nyanya ilikuwa na vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na kila chumba kilikuwa na bei yake. Nyumba za Majengo, katika mtaa wa Pumwani jijini Nairobi, zilijengwa hivyo tangu mwanzo. Serikali ya kikoloni ilipoifungua Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na kuanza kuvunja vijiji vya zamani vya Waafrika, iliwagawia watu viwanja wajijengee wenyewe: kuta za miti na udongo, paa la mabati au madebe yaliyopondwa, uwanja nyuma wenye jiko na choo. Miongoni mwa wenye nyumba wanawake walikuwa wengi. Wasomi kama Janet Bujra na Luise White wameandika jinsi wanawake hao walivyopata pesa za kujenga, mambo ambayo kwetu hayakuzungumzwa mbele ya watoto.

Nyanya aliirithi nyumba kutoka kwa mmoja wao, akarithi na sheria zake. Mpangaji hulipa tarehe tano, hujipikia, na zamu yake ya kuosha choo ikifika huosha. Mgeni halipi, na hanyanyui hata kikombe. Sikuwahi kuona wawili hao wakichanganyika mpaka mwaka 1996, alipokuja Mjapani.

Alikuwa binti mwembamba, mwanafunzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Osaka, kile ambacho mwaka 2007 kilikuja kuunganishwa na Chuo Kikuu cha Osaka. Jirani walishangaa kwa nini hakupelekwa Mombasa au Unguja, kunakosemwa Kiswahili cha kutamanika. Mwenyewe alisema anataka kuishi kwenye Kiswahili cha mjini. Mwalimu mmoja aliyefahamiana na mjomba ndiye aliyemleta, na kabla hajaaga alimkabidhi nyanya bahasha kwa mikono miwili.

Bahasha hiyo ndiyo iliyoleta kisa chote. Mwalimu aliitoa kama shukrani kwa familia. Nyanya aliihesabu, akaona imezidi kodi ya chumba cha tatu, akaridhika. Mbele yake alikuwa amesimama mpangaji safi, aliyelipa kabla ya kuingia. Akamwonyesha bomba, bafu na choo, akamtajia siku yake ya zamu, akampa kufuli jipya la Tri-Circle na funguo zake. Mpangaji mwema haingiliwi. Nyanya akarudi kwenye mkeka wake.

Binti naye akakaa chumbani akingoja kuitwa na familia yake. Asubuhi alitoka kutuamkia mmoja mmoja, "Shikamoo," hata sisi watoto wa sekondari, akarudi ndani. Jioni harufu ya vitunguu ikajaa ukumbi mzima, kila mlango na jiko lake la makaa, isipokuwa wake. Alikuwa amempa nyanya mkebe mzuri wa biskuti za mchele. Ulikuwa umewekwa kabatini juu ya glasi za wageni, haujafunguliwa. Yeye mwenyewe aliishi kwa mkate na ndizi za dukani, tuliyaona maganda kwenye ndoo ya taka. Mama aliona pia, lakini hakuwa mtu wa kumfundisha mama mkwe wake jinsi ya kuendesha nyumba.

Aliyesema ni mpangaji wa chumba cha kwanza, mpika mahamri, ambaye hakuwahi kuchelewesha kodi na kwa hiyo hakuogopa mtu.

"Bi Mkubwa, huyu mtoto hajapika tangu afike."

"Amelipa," nyanya akasema.

"Kodi ni ya chumba. Tumbo je?"

Nyanya alikaa kimya kwa muda, akitafuna tambuu yake. Nadhani alikuwa akipiga hesabu, maana hilo halikuwemo katika sheria zake. Kisha akaniagiza nikamwite. Usiku ule binti alikaa nasi kwenye sinia moja, wali na mchuzi wa nyama, magoti yamekunjwa vizuri kuliko yetu. Nyanya alikuwa akimsukumia minofu upande wake kwa ncha za vidole bila kumtazama. Bahasha haikurudishwa, wala sikutarajia. Lakini kesho yake nyanya alikwenda mwenyewe hadi chumba cha tatu, akalichomoa kufuli kwenye komeo, akalifunga kwenye kanga. Mtoto wa nyumba hafungi mlango.

Sijui kama Mjapani aliiona ile kuwa bahati. Kama mpangaji alikuwa na zamu moja ya choo kwa wiki. Kama mtoto wa nyumba alitumwa kutwa: maji, makaa, nyanya na dania sokoni, kumpelekea fulani salamu mtaani Digo. Alikaripiwa kwa kuchelewa soko la Gikomba na kwa kukataa chai ya pili. Kiswahili chake kiliharibika haraka, na alifurahi sana.

Nyanya hayupo tena. Maghorofa yamesogea, na nyumba kama yetu zinaendelea kupungua. Safari nazo zimegeuka. Mwaka 2017 aliyefunga sanduku alikuwa binti wa dada yangu, aliyechaguliwa na mpango wa Kennedy-Lugar YES. Mpango huo ulianzishwa Marekani mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana wa sekondari kutoka nchi zenye idadi kubwa ya Waislamu wakaishi huko na familia kwa mwaka wa masomo. Mama alisikiliza maelezo yote, akauliza swali moja tu.

"Hao watu wanalipwa?"

Hawalipwi, tukamwambia. Ni wa kujitolea.

"Basi watampa chakula."

Siku ya pili tangu afike huko, simu ikaingia. Mpwa wangu alikuwa na chumba chake peke yake, na njaa. Wenyeji wake walikuwa wamemwonyesha friji, wakamwambia ajisikie nyumbani, na yeye akangoja aitwe mezani. Hakuitwa, akalala. Mama alimwagiza amweke mwenye nyumba kwenye simu, amtafsirie.

"Mwambie akutume. Usimngoje akuonee huruma, mwambie akutume kazi."

Kesho yake akapewa mbwa wa kutembeza. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nyumba ile haina vyombo vya kuosha. Akajibiwa kwamba vinaoshwa na mashine.