Sauti ya mzee katika stoo yetu

Chumba tunachokiita studio kilikuwa stoo ya vinanda vibovu na vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mchwa. Kina upana wa mita tatu na urefu unaozidi hapo kidogo, sakafu ya saruji, dirisha moja la kioo. Gombera alituruhusu kukitumia mwaka jana, kwa sharti kwamba tusigonge misumari ovyo. Tulikuwa na maikrofoni moja, kompyuta ya kwaya na shauku nyingi kuliko maarifa.

Mtu wa kwanza tuliyemrekodi mle hakuwa mwanakwaya. Alikuwa mzee wetu, katekista mstaafu wa kigango jirani, anayejua nyimbo za Kwaresima kwa mahadhi aliyofundishwa akiwa mtoto. Hakuna aliyewahi kuyaandika kwa nota. Tukimpigia hesabu ya umri, tuliona hatuna haki ya kuchelewa. Basi tukamwita mwezi Januari, akaimba saa nzima kwa sauti iliyojaa, nasi tukabaki tumeinamisha vichwa.

Usiku ule tulisikiliza kazi yetu. Mzee alikuwa anaimba ndani ya pipa.

Kuta tulikuwa tumezibandika trei za mayai, kama tulivyoona kwenye studio nyingi za mitaani. Tuseme wazi, maana wengi bado wanazikusanya: trei ni nyepesi mno. Hupunguza kidogo tu mlio mkali wa juu, lakini sauti nzito ya kifuani hupita na kugonga ukuta kana kwamba hakuna kitu. Kwetu zilileta mende tu.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo katika chumba kidogo inagonga ukuta na kurudi mapema mno kusikika kama mwangwi. Inajibandika kwenye sauti yenyewe na kuichafua. Tena kuta mbili zilizoachana mita tatu zina mitetemo zinayoipenda: kama 57 kwa sekunde, na mara mbili yake, 114, ambayo iko palepale sauti ya mwanamume inapokaa. Nasi tulikuwa tumemsimamisha mzee katikati kabisa ya chumba, mahali ambapo huo mtetemo wa 114 huvimba zaidi. Kila alipogusa noti fulani ya chini, chumba kilimwitikia.

Tulianza upya. Trei tukazichoma. Tukaomba magodoro ya bweni na mablanketi mazito, tukayatundika yakiwa yameachana na ukuta kiasi cha kiganja, kwa kuwa nafasi ile ya hewa huyasaidia kumeza hata sauti za chini kidogo. Kilichotushangaza ni mahali pa kuyaweka. Tulidhani ni nyuma ya maikrofoni, kumbe ni nyuma ya mwimbaji, kwa sababu maikrofoni ya aina yetu husikia zaidi kinachotoka mbele yake, na mbele yake yupo mwimbaji pamoja na ukuta ulio mgongoni pake. Mwimbaji tukamsogeza nje ya katikati, mdomo wake shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Katikati yao tukaweka kizuizi cha pumzi cha soksi ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya. Soksi tulipewa na masista wa jikoni, wakitucheka hadi leo.

Mengine ni madogo. Feni inazimwa. Kiwango cha sauti tunakiacha chini, kilele kisikaribie ukomo kwa desibeli 10 au 12, maana sauti iliyopasuka haishoneki. Mvua ikianza juu ya bati, tunaenda kulala. Na kwa kuwa saa tulivu kuliko zote ni baada ya Sala ya Usiku, ilibidi tumwombe padri mlezi ruhusa ya kuimba wakati wa kimya kikuu. Alifikiri muda mrefu kabla ya kukubali.

Mzee alirudi baada ya Pasaka. Safari hii chumba kilikuwa kizuri, yeye ndiye aliyekuwa amebadilika. Kifua kilimsumbua tangu Februari. Aliimba nusu ya ubeti, akakaa, akaomba maji ya uvuguvugu, akasema, “Wanangu, nisubirini kidogo.” Tulimvua hedifoni kwa sababu zilimchanganya, naye akaimba vizuri zaidi kidogo. Kila pumzi yake inasikika katika rekodi hiyo, safi kabisa, na hicho ndicho kinachotuuma.

Tulijaribu kuiokoa ile ya Januari. Tulikata vyote vilivyo chini ya mitetemo 80, tukapunguza desibeli nne kwenye 114. Programu ya kuondoa mwangwi tuliijaribu pia, ikamfanya aimbe kama mtu aliyezamishwa majini, tukaiacha. Sasa kwaya inajifunza mahadhi kutoka rekodi chafu na maneno kutoka rekodi safi.

Tulipomsikilizisha zote mbili, aliicheka ile ya kwanza, “Huyu kijana anaimbia wapi, kisimani?” kisha akaomba irudiwe. Ametuahidi kuja tena mwezi ujao. Anasema zipo nyimbo tatu ambazo hajatuimbia, na mojawapo anakumbuka beti mbili tu.