Meseji ya M-Pesa na jicho la mama

Haya wasomaji, leo tuache kodi, tuongee macho. Kamera hulenga kwa kusogeza lenzi mbele na nyuma. Jicho halifanyi hivyo. Kama theluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga hufanywa na konea, ule utando angavu wa mbele, nao haubadiliki. Marekebisho ni ya lenzi iliyo nyuma ya mboni: msuli unaoizunguka ukikaza, lenzi hutuna, tukaona karibu, ukilegea, hulala bapa, tukaona mbali. Ajabu eh?

Tatizo ni kwamba lenzi hukakamaa na umri. Ukipita miaka 40 na kitu haitaki tena kutuna, na maandishi ya karibu huwa ukungu.

Mama yangu kule Kambu anatambua matatu ikiwa bado mbali kwenye barabara ya Mombasa, lakini meseji ya M-Pesa humsomea kijana wa jirani. Kijana huyo sasa anajua salio na hata namba ya siri! Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mtaniuliza kuhusu Peek Acuity, programu ya simu iliyojaribiwa Nakuru, matokeo yakachapishwa 2015. Ni kazi safi: unaonyesha kwa mkono herufi E imeelekea wapi, hata asiyejua kusoma anaweza. Ila hupima kuona mbali, na hapo mama atafaulu vizuri tu. Yeye anahitaji miwani ya kusomea. Jumamosi nampeleka akapimwe, kisha tubadilishe namba ya siri, akibonyeza mwenyewe.