Mgeni wa Tukuyu na lugha ya Waholanzi

Na Mwandishi Wetu

MSOMAJI mpenzi, kama hujapata kufika Tukuyu, chukua koti. Ukiondoka Mbeya mjini na kushika njia ya Uyole iendayo mpakani Kasumulu, barabara hupanda kwanza hadi Isongole, penye viazi na ukungu, kisha huteremka kuelekea Kiwira. Hapo ndipo kijani huanza kukuzingira: migomba, chai, miparachichi, halafu migomba tena. Mwendo wenyewe ni kama kilomita 70 tu, lakini mtu aliyezoea jua la Dar es Salaam huona kana kwamba amevuka nchi. Upande wa kushoto hujitokeza Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, wingu likiwa limeukalia kichwani mfano wa kilemba.

Tukuyu ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Wajerumani waliojenga boma lao hapa walipaita Neu Langenburg. Jina hilo lilikwenda pamoja nao, na la wenyeji likabaki. Wageni wengi hufika kutazama Ziwa Ngozi lililotulia ndani ya shimo la volkano, Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, au maporomoko ya Kaporogwe. Mimi pia nilikwenda kwa ajili hiyo. Lakini leo sitakueleza habari za maporomoko. Nitakueleza niliyoyakuta katika nyumba niliyofikia, kwa kuwa huenda yakakufaa wewe mwenye mtoto, ndugu au mchumba ng'ambo.

SAUTI KUTOKA JIKONI

Nilifika jioni, mvua ikipiga bati kwa nguvu. Mama mwenye nyumba alinipokea, akanipa kigoda karibu na moto. Kutoka jikoni nilisikia sauti ya mwanamke akirudiarudia maneno nisiyoyafahamu, na katikati ya maneno hayo palikuwa na mkwaruzo wa koo, kama wa mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki.

"Usishtuke, mwanangu," Mama aliniambia. "Huyo ni mke wa kijana wangu. Anasoma Kiholanzi."

Binti huyo ni mwalimu wa shule ya msingi, nami nitamwita Mwalimu. Mumewe alihamia Uholanzi miaka mingi iliyopita, akapata ukazi wa kudumu, na sasa anafanya kazi katika nyumba za vioo zinazooteshwa maua. Mtoto wao ana miaka minne, na baba yake amemzoea zaidi katika kioo cha simu kuliko kifuani pake.

Uholanzi ni mojawapo ya nchi zinazomtaka mgeni ajue lugha kabla hata hajapanda ndege. Tangu mwaka 2006, mtu wa taifa kama letu anayetaka kumfuata mwenzi wake huko, akakae, hutakiwa kwanza kufaulu mtihani katika ubalozi wa Uholanzi ng'ambo. Mtihani una sehemu tatu: kusema, kusoma, na maarifa ya maisha ya Waholanzi. Kiwango chake ni kile cha chini kabisa, lakini bila hicho mlango haufunguki. Akishafika, huanza masomo mengine. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 humpa mgeni miaka mitatu, chini ya uangalizi wa halmashauri ya mji wake, ili afikie kiwango cha kuweza kufanya kazi na kuishi na majirani.

Mwalimu alikuwa amekwisha kufanya mtihani huo mara moja. Kusoma alifaulu. Maarifa ya nchi alifaulu. Katika kusema alianguka.

"Maneno ninayajua," aliniambia huku akipakua mbalaga, zile ndizi za kupikwa zisizokosekana katika nyumba za huku. "Lakini ile kompyuta inapouliza, ulimi unakufa. Tena mume wangu hanisaidii. Nikianza Kiholanzi kwenye simu, nikikwama neno moja tu, ananihurumia, anarudi kwenye Kiswahili."

Mama hakusema neno. Alisogeza kuni, akaupuliza moto.

HURUMA YA SOKONI

Kesho yake nilikwenda sokoni Tukuyu nikiwa na neno moja la Kinyakyusa alilonifundisha Mama asubuhi: "Ugonile." Maana yake ni umelala, yaani umeamkaje. Niliwakuta akina mama wanne wameketi nyuma ya mikungu ya ndizi, nikawasalimu kwa kujiamini: "Ugonile!"

Walicheka hadi mmoja akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Ndugu yangu, hapa tuko wengi," alisema kwa Kiswahili safi. "Sema 'Mugonile.' Hata mzee mmoja mwenye heshima zake mwambie hivyo hivyo. Haya, unataka mkungu au chana?"

Tangu hapo kila kitu kilikwenda kwa Kiswahili: bei, habari za mvua, hata mzaha. Nikajaribu kusema "ndaga fijo," ndiyo kusema asante sana; wakapiga makofi, kisha wakaendelea na Kiswahili chao. Niliondoka na ndizi za kutosha na furaha moyoni, lakini sikuwa nimeongeza hata neno la tatu.

Elewa vizuri, msomaji. Silalamiki. Kiswahili ni lugha ya Taifa, na ndicho kinachomwezesha mtu wa Mtwara kununua ndizi Tukuyu bila mkalimani. Ninachosema ni kwamba mwenyeji mwema humfungulia mgeni mlango wa karibu zaidi, na mlango huo sio daima unaoingia ndani ya nyumba. Watu waliokaa Uholanzi husimulia jambo hilo hilo. Waholanzi wengi wanajua Kiingereza vizuri sana, na mara wasikiapo lafudhi ya mgeni hugeuza lugha kwa nia njema. Mgeni hushukuru, hununua mkate wake, akarudi nyumbani na ujinga wake.

WALIOTANGULIA RUNGWE

Wilaya hii ina historia ndefu ya wageni walioketi chini kujifunza lugha. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, walifungua kituo chao Rungwe, chini ya mlima. Mwaka huo huo wamisionari wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky waliingia Unyakyusa. Muhtasari wa sarufi ulioandikwa na mmisionari Schumann ulitoka mwaka 1899, miaka minane baadaye. Kwa wale wa kwanza, kitabu kilikuwa mwenyeji mwenyewe, na wenyeji wengi hawakuwa na lugha nyingine ya kumwonea huruma mgeni.

Si lugha nyepesi. Mswahili husikia "umundu" na "abandu" akatambua mara moja mtu na watu. Husikia "inyumba" akajiona yuko kwao. Lakini Kiswahili kina irabu tano, na Kinyakyusa kina saba, tena fupi na ndefu hutofautisha maana. Sikio lililozoea tano hupita juu ya zile mbili bila habari.

Baadaye, mwaka 1934, alikuja Godfrey Wilson, na mwaka uliofuata mkewe Monica, wataalamu wa mila na desturi. Walifanya utafiti wao hadi mwaka 1938, wakisaidiwa na karani na mkalimani wao Leonard Mwaisumo. Kitabu alichokitoa Monica Wilson mwaka 1951 alikipa jina la Good Company, kwa maana ya maongezi mema ya wenzi. Nyuma ya jina hilo liko neno la Kinyakyusa: "ukwangala." Ni ile raha ya kuketi na wenzako, kula na kunywa pamoja, kuzungumza bila haraka. Wanyakyusa wa zamani waliamini kwamba humo ndimo mtu hupatia akili na adabu. Hata wavulana waliacha nyumba za wazazi wao wakajenga kijiji chao wao kwa wao, rika moja, wapate kukaa pamoja hivyo.

Jioni nilimweleza Mwalimu habari hiyo, naye akafungua daftari lake haraka. "Wao pia wanalo!" alisema. "Wanasema 'gezellig.' Limetoka katika 'gezel,' yaani mwenzi. Pakiwa na chai, watu na mazungumzo, wanasema hapo ni gezellig. Mwalimu wangu wa kwenye simu anasema halina tafsiri."

"Kumbe lina tafsiri Tukuyu," nilimjibu.

Akanionyesha na jingine. Kiholanzi kina vitangulizi viwili vya majina, "de" na "het," na wanafunzi hulia kwa sababu hakuna kanuni nyepesi ya kuvigawa. Lakini neno likifanywa dogo kwa kutiwa "-je" mwishoni, daima huchukua "het." Mlima ni "de berg", kilima ni "het bergje." Mwingereza huona ajabu. Sisi je? Sisi husema mlima ule, lakini kilima kile. Udogo huhamisha neno kutoka ngeli hadi ngeli. Mwalimu alicheka aliponieleza, kwa kuwa huko aendako mlima mrefu kuliko yote ya upande wa Ulaya, Vaalserberg, una mita 322 tu. Mtoto aliyekua akiutazama Rungwe atauita bergje bila kufundishwa.

SIKU TATU BILA CHUMVI

Hapo ndipo Mama aliposema. Alikuwa akimenya viazi, wala hakuinua uso.

"Mimi si mtu wa hapa," alianza. "Nilizaliwa Ukinga, ng'ambo ya milima ile, nikaolewa huku ningali binti. Mume wangu alijua Kiswahili, nami nilijua kidogo, basi tukaongea Kiswahili. Mwaka ukaisha. Kisha pakatokea msiba kwa jirani. Nikaketi na wanawake wenzangu. Kila mmoja akatoa pole yake, na mimi nimekaa kama gogo. Yule mfiwa akanitazama. Mpaka leo namwona.

"Mama mkwe wangu aliona. Tuliporudi akawaambia watu wote wa nyumba: atakayemsemesha huyu Kiswahili, kwangu hatakula. Nililia, mwanangu. Nilidhani ananichukia. Siku tatu niliomba chumvi kwa kidole, wakajifanya hawakuona. Siku ya nne nikaiomba kwa mdomo. Niliposema vibaya walicheka, lakini hawakuondoka. Walingoja nimalize."

Akaweka kisu chini, akamgeukia mkwewe.

"Mume wako anakupenda, lakini huruma yake inakuchelewesha. Huko ukifika, mtoto akishikwa na homa usiku, daktari utamwonyesha kidole? Leo akipiga simu, mwambie asikuhurumie."

Simu ilipiga saa mbili usiku. Tulikaa kimya wote, na mtoto tukampakata ili asirukie. Sauti ya mume ilianza kwa Kiswahili: "Hamjambo huko? Mvua—"

"Nederlands, alsjeblieft," Mwalimu alisema. Kiholanzi, tafadhali.

Pakawa kimya. Kisha yule kijana akacheka kidogo, akauliza jambo kwa Kiholanzi, polepole. Mwalimu alianza kujibu akakwama. Nikaona mkono wake ukikunja upindo wa kanga. Upande wa pili sauti ilianza kusema neno la Kiswahili, na Mama, ambaye hajui hata salamu ya Kiholanzi, akapaza sauti kwa Kinyakyusa kuelekea simu. Sikuelewa maneno, ila kijana alinyamaza mara moja, na akangoja. Sekunde zikapita, nyingi. Kisha neno likatoka. Likafuatwa na jingine. Walizungumza karibu nusu saa, na ninavyodhani nusu ya muda huo ulikuwa ni kungoja.

NENO KWAKO

Msomaji, mtihani wa pili wa Mwalimu bado, na siwezi kukuahidi matokeo yake. Lakini kama unaye mtu wako anayejiandaa kwenda kuishi katika lugha ya wengine, iwe Uholanzi, iwe Ubelgiji upande wa Flanders ambako Kiholanzi husemwa pia, au hata wilaya ya jirani, mnunulie kitabu kwa hakika, lakini zaidi ya hapo mpe muda wa kukosea. Msikilize hadi amalize. Na wewe mwenyeji, mgeni akikuambia "Ugonile" mkiwa watu wanne, mcheke, msahihishe, kisha mjibu kwa lugha hiyo hiyo aliyoijaribu.

Asubuhi ya kuondoka nilipita tena sokoni. "Mugonile!" niliwaambia wale akina mama wanne, kisha nikawaomba kwa Kiswahili wasinihurumie. Wakatazamana. Yule wa kanga akaanza kunieleza jambo refu kwa Kinyakyusa, akionyesha ndizi, mlima, na koti langu. Niliambulia labda maneno mawili. Lakini hakuniacha, nami sikuondoka, mpaka utingo wa basi la Mbeya alipoanza kuita.